Picha ya ubongo kwa mzee anayetetemeka: maswali tunayoulizwa Tanga

Kazi yangu ni kupiga picha za wagonjwa hapa Tanga, na kila siku najibu maswali ya ndugu waliokaa kwenye benchi wakimsubiri mzee wao. Wengi wanaamini kwamba mashine ndiyo itakayotaja jina la ugonjwa. Nimewaandikia wao majibu haya, watu wa Ngamiani, Makorora, Muheza na Pangani wanaochangishana pesa ya kipimo bila mtu kuwaeleza kipimo hicho kinaweza kusema nini na hakiwezi kusema nini. Uamuzi wa matibabu unabaki kwa daktari anayemwona mgonjwa.

Baba anatetemeka mkono. Akipigwa picha ya kichwa, si itatuonyesha kama ni Parkinson?

Hapana. Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na uzito wa mwili, hutambuliwa na daktari aliyekaa na mgonjwa, akamsikiliza, akamtazama anavyoinuka kwenye kiti, anavyogeuka, anavyofunga vifungo vya shati na anavyoandika jina lake. James Parkinson, daktari wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817 bila mashine yoyote. Baadhi ya wagonjwa aliowaandika alikutana nao barabarani tu. Msingi huo haujabadilika mpaka leo.

Sababu ni kwamba seli zinazokufa ziko ndani kabisa ya shina la ubongo, mahali padogo paitwapo substansia nigra. Seli hizo ndizo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayolainisha mwendo wa mwili. Picha ya CT, inayopigwa kwa eksirei, na hata MRI ya kawaida, inayopigwa kwa sumaku, inaonyesha umbo la ubongo. Ni kama kupiga picha ya nyumba mchana: kuta na paa unaviona, lakini huwezi kujua kama umeme umekatika ndani. Mgonjwa wa Parkinson wa mwaka wa kwanza au wa pili mara nyingi ana ubongo ambao kwa umbo hauna kasoro.

Picha ina kazi nyingine mbili kubwa. Ya kwanza ni kutafuta kitu tofauti kabisa kinachoigiza Parkinson, na baadhi ya vitu hivyo vinatibika. Ya pili ni kutafuta dalili za magonjwa ndugu yake, ambayo kwa nje yanafanana naye sana.

Hayo magonjwa ndugu ni yapi?

Matatu ndiyo yanayowasumbua madaktari zaidi.

La kwanza huitwa PSP, kifupi cha jina la Kiingereza progressive supranuclear palsy. Lilielezwa mwaka 1964 na madaktari Steele, Richardson na Olszewski. Mgonjwa huanza kuanguka mapema, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, na huanguka chali kama mtu aliyesukumwa kifuani. Macho yanashindwa kutazama chini, kwa hiyo sahani ya wali anaiona kwa shida na ngazi anazikosea. Uso unabaki na sura ya mtu aliyeshtuka. Kutetemeka huwa kudogo au hakuna. Ukisikia mtu anasema "baba haanguki kwa kujikwaa, anaanguka tu", mweleze daktari maneno hayohayo.

La pili ni MSA (multiple system atrophy), jina lililotolewa mwaka 1969. Hili hushambulia pia mishipa ya fahamu inayoendesha mambo tusiyoyafikiria: presha, kibofu, jasho. Mgonjwa akisimama presha inashuka, macho yanaingia giza, pengine anazimia. Haja ndogo inamtoka au inakataa kutoka. Kwa wanaume nguvu za kiume hupotea, wakati mwingine miaka kadhaa kabla ya dalili nyingine, na hilo wazee wetu hawalisemi mbele ya watoto. Ndiyo maana naomba daktari apewe nafasi ya kuzungumza na mzee peke yake. Wengine hutembea wakiyumba na kutanua miguu, na maneno yao hutoka kama ya mlevi, hata kwa mtu ambaye hajawahi kugusa pombe maishani. Aibu inayowapata wazee wa namna hiyo msikitini na barazani ni kubwa, na hawaistahili.

La tatu ni la gamba la ubongo na viini vyake vya ndani, nalo huelemea upande mmoja. Mkono mmoja unakakamaa, unasahau kazi uliyoijua, hata kuchana nywele au kushika kijiko. Wapo wagonjwa wanaosema mkono huo unajiendea wenyewe.

Parkinson yenyewe kwa kawaida huanza upande mmoja, mkono unatetemeka ukiwa umetulia mapajani, mwandiko unakuwa mdogo, hatua zinakuwa fupi. Ukimuuliza vizuri mgonjwa, utasikia kwamba alipoteza uwezo wa kunusa, alifunga choo, na alikuwa akipiga mateke usingizini muda mrefu kabla mkono haujaanza.

Haya si magonjwa ya Wazungu?

La hasha. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika watu zaidi ya 160,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu kati yao hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Walikuwa majumbani mwao, watu wakisema ni uzee. Hai si mbali na sisi, na sioni sababu ya kuamini kwamba wazee wa Korogwe au Lushoto wamesalimika na hilo.

Kama yote hayana dawa ya kuponya, jina linatusaidia nini?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na linastahili jibu kamili.

Kwanza, dawa. Levodopa, dawa inayogeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo, huwasaidia sana wengi wenye Parkinson, na kwa miaka mingi. Kwa PSP na MSA husaidia kidogo, au kwa muda mfupi, au haisaidii kabisa. Familia isiyojua hilo hubadilisha hospitali tatu ikidhani dozi imekosewa.

Pili, hatari za nyumbani zinatofautiana. Wa PSP anahitaji mtu wa kumshika mgongoni anapoinuka na chakula laini kinachomzuia kupaliwa, kwa sababu kumeza huharibika mapema. Wa MSA anahitaji presha ipimwe akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Mzee wa namna hii akipewa dawa ya kushusha presha kwa sababu ilipimwa mara moja tu akiwa amelala, anaweza kuanguka chooni usiku na kuvunjika nyonga. Swali la "ipimwe na akiwa amesimama" halina gharama yoyote, na mtu yeyote katika familia anaweza kuliuliza.

Tatu, muda. PSP na MSA huenda kwa kasi kuliko Parkinson. Familia ina haki ya kujua ili ipange nani atakaa na mzee, shamba litasimamiwa na nani, na mazungumzo gani yafanyike wakati bado anaweza kuzungumza.

Tuanze na CT au MRI?

Inategemea daktari anatafuta nini. CT ni ya haraka, dakika chache tu, na inatosha kuonyesha mambo matatu ambayo huigiza Parkinson. Moja ni damu iliyoganda taratibu juu ya ubongo baada ya mzee kujigonga wiki kadhaa nyuma, pengine kidogo hata hamkumbuki. Jingine ni uvimbe. La tatu ni maji kujaa katika vyumba vya ubongo, hali inayoleta mambo matatu pamoja: miguu kugandia sakafuni, mkojo kutoka, na akili kupungua. Damu iliyoganda huweza kutolewa, na maji huweza kupunguzwa kwa mrija. Wapo waliobebwa wakiingia hospitali wakatoka wakitembea. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni uzee, picha ya nini?", usikubali haraka.

CT huonyesha pia makovu ya viharusi vidogo vidogo. Mzee mwenye presha au kisukari cha miaka mingi, ambaye mikono yake iko sawa lakini miguu inaburuta, huenda ana tatizo la mishipa ya damu ya ubongo. Hapo kutibu presha na sukari ndiyo kazi yenyewe.

Lakini kama swali ni Parkinson, PSP au MSA, CT haitoshi. Hapo inatakiwa MRI, tena yenye picha za kutoka ubavuni zinazoonyesha shina la ubongo vizuri. Kama CT imeshafanyika na haikuonyesha kitu, kuirudia hakuna maana.

Daktari wa mionzi anatazama nini hasa kwenye MRI?

Anatazama ni sehemu gani imesinyaa.

Kwenye PSP kinachosinyaa ni ubongo wa kati, sehemu ya juu ya shina la ubongo. Ukiutazama kwa ubavu, juu panakuwa pembamba na chini panabaki panene, mpaka umbo linafanana na ndege mwenye mdomo mrefu, na wengine huona pengwini. Kuna vipimo vya namba pia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, eneo la ubongo wa kati lilikuwa wastani wa milimita za mraba 56 kwa wagonjwa wa PSP, na karibu 103 kwa wenye Parkinson. Mwaka 2008 kikaongezwa kipimo kinacholinganisha sehemu nne za shina la ubongo na ubongo mdogo kwa hesabu moja, na kinatumika hadi leo.

Kwenye MSA ya aina inayoyumbisha, ubongo mdogo wa nyuma unasinyaa pamoja na ponsi, sehemu ya shina la ubongo iliyo chini ya ubongo wa kati, na ndani ya ponsi hujitokeza mistari miwili myeupe inayokatana kama msalaba juu ya mkate. Kwenye MSA inayofanana na Parkinson, kiini kiitwacho putameni husinyaa, na ukingoni mwake huonekana mstari mwembamba unaong'aa. Kwenye lile gonjwa la mkono mmoja, gamba la ubongo hupungua upande mmoja kuliko mwingine, upande ulio kinyume na mkono unaoumwa.

Na Parkinson? Kwenye mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kwa picha maalumu zinazohisi madini ya chuma, ndani ya substansia nigra ya mtu asiye na ugonjwa huonekana umbo la mkia wa mbayuwayu. Kwa mwenye Parkinson mkia huo hupotea. Lakini hupotea pia kwa mwenye PSP na MSA, kwa hiyo unasema "kuna tatizo la dopamini", hausemi ni ugonjwa upi kati ya hayo.

Naomba lieleweke jambo moja. Alama hizi zikiwapo wazi, zinasaidia sana. Zisipokuwapo hazikanushi kitu, hasa mwaka wa kwanza. Mgonjwa anaweza kuwa na PSP ya kweli na ubongo wa kati ukawa bado haujasinyaa.

Ripoti imesema ubongo ni wa kawaida kwa umri wake. Tumetupa pesa?

Hamkutupa. Ripoti hiyo imeondoa uwezekano wa damu iliyoganda, uvimbe, maji na viharusi. Kwa mtu anayetetemeka upande mmoja na aliyepata nafuu kwa levodopa, picha isiyo na kasoro inaendana vizuri kabisa na Parkinson. Kinachonisikitisha ni familia inayosoma "kawaida" ikaamua mzee anajifanya, au ikaacha dawa.

Daktari ametaka ajaribu dawa kwanza kabla ya MRI. Si anatupotezea muda?

Kwa maoni yangu amefanya jambo la busara. Jinsi mwili unavyoitikia levodopa ni kipimo chenye uzito, na mara nyingi ni nafuu kuliko picha. Ila jaribio lazima liwe kamili: dozi hupandishwa taratibu, na wataalamu wengi hufika hadi miligramu 1000 kwa siku, kwa angalau mwezi mmoja, kabla ya kusema imeshindwa. Kidonge kimoja kwa wiki moja si jaribio. Dozi apandishe daktari, msipandishe wenyewe.

Je, dawa nyingine zinaweza kuleta kutetemeka?

Ndiyo, na hili lingetangulia picha zote. Dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramaidi, ambayo wengi wanaijua kama Plasil, ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kumfanya mtu awe mzito na atetemeke vilevile. Haloperidoli na dawa nyingine za magonjwa ya akili nazo hufanya hivyo, na sinarizini ya kizunguzungu pia. Njooni na dawa zote za mzee kwenye mfuko, hata zile za duka la jirani na za miti shamba. Lakini msisimamishe dawa ya akili ghafla bila daktari aliyeiandika.

Nimesikia nje kuna picha inayoionyesha dopamini yenyewe.

Ipo. Mgonjwa huchomwa sindano ya dawa iitwayo ioflupeni, iliyobeba iodini yenye mionzi kidogo, kisha baada ya saa tatu hadi sita anapigwa picha. Penye dopamini nzuri huonekana maumbo mawili kama alama za mkato. Seli zikipungua, mikia ya alama hizo hufutika, zinabaki nukta. Ulaya iliidhinisha kipimo hicho mwaka 2000, Marekani mwaka 2011.

Nguvu yake ni kutenganisha Parkinson na mtetemeko wa kurithi, ule unaokuja mtu anapoinua kikombe, na kutenganisha Parkinson na mtetemeko ulioletwa na dawa kama Plasil. Udhaifu wake ni kwamba Parkinson, PSP na MSA zote zinatoa picha mbaya inayofanana. Anayewaambia msafiri nje ya nchi kwa kipimo hiki ili mjue kama ni PSP au Parkinson, mwulizeni tena.

Kinachotenganisha vizuri zaidi hayo matatu ni PET ya sukari, picha inayopigwa baada ya mgonjwa kuchomwa sindano ya sukari yenye mionzi kidogo. Ubongo hula sukari, na kila ugonjwa una sehemu zake zinazoacha kula: PSP ubongo wa kati na sehemu za mbele, MSA putameni na ubongo mdogo. Tatizo ni usafirishaji. Floridi yenye mionzi inayotumika hupungua nusu kila dakika 110, na iodini ile ya kwanza kila saa 13 hivi. Vitu hivyo haviwezi kukaa bohari vikisubiri mgonjwa wa Tanga.

Kuna njia nyingine isiyogusa kichwa kabisa, nayo ni kupiga picha ya mishipa ya fahamu ya moyo. Kwa mwenye Parkinson mishipa hiyo mara nyingi imekufa, kwa mwenye MSA kwa kawaida imebaki. Wajapani wanaitumia sana.

Na hizi kompyuta zenye akili mnemba?

Zinakuja vizuri. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa picha za MRI za watu 1,002 kutoka vituo 17, kompyuta ikifundishwa kutenganisha Parkinson, MSA na PSP kwa kutazama maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Ilitenganisha vizuri. Ninachokipenda ni kwamba inatumia MRI, bila sindano ya mionzi. Lakini nayo inahitaji picha iliyopigwa kwa utaratibu unaotakiwa.

Mzee hatulii. Atawezaje kulala ndani ya mashine?

MRI ya ubongo huchukua dakika 20 hadi 45, na ukitikisika picha inaharibika. Mletee dawa zake na umpe kwa saa zake za kawaida. Kumnyima asubuhi ya kipimo ni kumtesa na kutuharibia picha. Mtetemeko wa Parkinson hupungua wasiwasi ukimtoka na hukoma akilala usingizi, kwa hiyo tunamwekea mito, tunamfunika asipate baridi, na tunazungumza naye kati ya picha na picha. Mashine inapiga kelele za kugonga, mwambieni mapema, atapewa vya kuziba masikio. Akiwa anapaliwa na mate akilala chali, semeni kabla hajaingia.

MRI haitumii mionzi, ni sumaku. Kwa sababu hiyo mwenye betri ya moyo, vyuma vya zamani au kipande cha chuma jichoni lazima aseme. Mafundi waliochomelea vyuma maisha yao yote wakumbushwe hili. Pete, hirizi zenye chuma, pini za mtandio na simu hubaki nje.

Majirani wanasema ana jini, tumpeleke kwa mganga kwanza.

Sitawakataza dua wala kisomo, nami naombewa nikiumwa. Ninachoomba ni visimzuie mgonjwa kuonwa na daktari, na asipewe kitu cha kunywa kisichojulikana juu ya dawa zake. Mzee aliyeambiwa amerogwa hujifungia ndani, na kujifungia kunamnyima mazoezi, ambayo kwa magonjwa haya yote ni tiba.

Tuko Pangani. Tuanzie wapi?

Anzieni kituo kilicho karibu, mpate barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Kutoka hapo daktari anaweza kumwelekeza Muhimbili Dar es Salaam au KCMC Moshi, walipo mabingwa. Kwa maji kichwani au damu iliyoganda, wapasuaji wa ubongo wako Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Pigeni simu kuulizia kama mashine inafanya kazi siku hiyo na gharama ni kiasi gani kabla ya kupanda basi, maana safari hiyo ni zaidi ya kilomita 300 na mzee ataisikia.

Barua iandikwe swali. "MRI ya kichwa" peke yake humwacha msoma picha akitafuta gizani. "Anaanguka chali kwa miezi minane, macho hayashuki, levodopa haikusaidia, tafadhali pima ubongo wa kati" inampa pa kutazama. Pia mrekodini kwa simu akitembea, akigeuka na akiinuka kwenye kiti. Video ya dakika mbili iliyopigwa uani humsaidia bingwa kuliko maelezo marefu ya shangazi na mjomba wanaobishana.

Kijana wa miaka 22 ameanza kutetemeka. Naye ni Parkinson?

Kwa umri huo daktari atafikiria kwanza mambo mengine, hasa ugonjwa wa Wilson, ambapo madini ya shaba hujikusanya kwenye ini na ubongo. MRI hubadilika, machoni huweza kuonekana pete ya rangi ya kahawia, na kuna dawa inayofanya kazi, hasa ikianza mapema. Huyo asisubiri.

Picha ya mwaka jana tuitupe?

Msiitupe kamwe, na CD mtunze pamoja na filamu. Magonjwa haya hujidhihirisha kwa wakati. Daktari akiweka pamoja picha mbili zilizopigwa kwa tofauti ya mwaka mmoja na nusu, ubongo wa kati uliopungua baina yake huonekana wazi hata pale ambapo picha ya kwanza peke yake haikusema kitu. Andikeni tarehe juu ya bahasha, wekeni mahali pakavu pasipofikiwa na joto la bati, na msafiri nayo kila mnapokwenda kliniki.